Hedi za Turbo kwa Safari ya Bibi

Gereji, 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku Bibi hajambo, mimi sijambo, gari ndilo linaumwa. Kifua chako kinaendeleaje? Lile blanketi nililotuma lilikufikia, au lilipata mwenye nalo njiani?

Nianze na habari mbaya nizimalize. Shangazi amechemsha. Wewe ndiye uliyeliita gari jina hilo, ukasema analalamika njia nzima lakini anafika. Safari hii hakufika. Nilikuwa natoka kuchukua vipuri, mshale wa joto ukapanda ghafla, nikazima pale pale, lakini wapi! Leo nimefungua injini. Hedi zote mbili nilizozibandua juu ya silinda zimepasuka, ya kushoto katikati ya valvu, ya kulia mpaka kwenye njia ya maji. Si za kuchomelea hizi.

Nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu wote mpaka mbwa wao wamenizoea. Hedi za injini ya kawaida kama yetu hakuna. Kilichopo ni jozi moja nzima kabisa, iko kwa yule jamaa tunayemwita Macho Manne, lakini imetoka kwenye injini ya turbo, tena ndogo, ya lita mbili. Yetu ni lita mbili na nusu na haina turbo, inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe. Nimezipachika juu ya bloku ya injini yetu kujaribu, matundu ya bolti yamekaa kama yamezaliwa hapo. Je, inawezekana?

Usiniambie tupande basi. Tangu Bibi avunjike nyonga hawezi kukaa kitako zaidi ya dakika kumi, na ngazi za basi ndiyo kabisa. Madereva wa kukodi nao wakisikia mlima wa gerezani wanaanza kukohoa. Kwenye Shangazi tunakunja kiti cha nyuma, tunatandika godoro, Bibi anajinyoosha kama malkia. Siku ya wageni huko kwenu ni mara mbili tu kwa mwaka, na inayokuja ni tarehe thelathini Mei. Amesema hiyo ndiyo yake, ya Novemba haiahidi. Macho yake nayo yamezidi kuharibika. Mtoto wa jicho amefunika yote mawili, sasa anaona vivuli tu.

Ana neno lake na wewe, baba. Ni tangu siku ile ya hukumu alipokaa mahakamani akakupa mgongo. Nimemwambia aniambie niandike, akanikata: "Hili ni la mdomo wangu na sikio lake. Wewe na huyo askari anayesoma barua haliwahusu." Nimebaki kucheka.

Kwa hiyo niambie nifanye nini. Mimi ndiye fundi hapa sasa, na sina wa kumwuliza.

Binti yako


Gerezani, 1 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipokea zote, pamoja na za gari. Kifua kinanisumbua asubuhi tu. Blanketi lilifika, limepungua upana, lakini lilifika. Nawe unakula? Najua ukishika injini unasahau kula.

Unajua naruhusiwa barua moja kwa mwezi, tarehe moja, karatasi moja, na inasomwa ofisi ya ukaguzi kabla haijatoka. Afande unayesoma, habari za kazi. Kwa hiyo nitaongea haraka.

Jibu ni ndiyo, inawezekana. Nimeona injini za kawaida zilizovalishwa hedi za turbo zikatembea miaka. Ila hazivalishwi kama kofia. Zipeleke kwa fundi mchongaji azisawazishe uso, na usimame hapo hapo, maana yule bwana akianza kukwangua ananogewa. Kila hedi iangalie vizuri, kuna tundu la mafuta lililokuwa linalisha turbo. Sisi hatuna turbo, kwa hiyo lizibe kwa bolti na washa ya shaba, la sivyo mafuta yote utayaona yamelala barabarani. Njia za kuingizia hewa hazilingani na zetu, mwambie Macho Manne akupe na manifoldi yake, na akianza hadithi ndefu mwambie nimetuma mimi. Bolti nunua mpya, zile za zamani zimeshavutika. Kaza kwa awamu tatu, ukianzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kipimo, si kwa hasira.

Sasa lipo jambo moja. Usipolishika hili, hayo mengine yote umejichosha bure. Nimelichora ili usikosee, na maelezo nimeyaandika ndani ya mchoro:

. . . . . . . . . . . . . . . . . .

Umeona hapo? Basi. Ukielewa picha hiyo umeelewa kazi nzima, na mimi nitalala usingizi.

Kuhusu Mama. Nilitaka niandike kwamba mgongo wake sikuuona, lakini wewe ulikuwepo, utajua nadanganya. Niliuona. Nilimwambia yule mwenye lori mbele ya benchi langu, usilitoe mpaka kifaa cha breki kije, akalitoa, watu wawili wakafa, na hakuna aliyenisikia nikimwambia. Hakimu kutoniamini nimelizoea. Mama sijamzoea. Mlete, mwanangu. Nataka kulisikia hilo neno hata kama ni la kunilaani.

Baba yako


Gereji, 24 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Bibi anakusalimu, anauliza unapata usingizi. Mimi mzima, vidole tu vimechubuka.

Baba, barua yako ina dirisha. Pale uliposema umechora pamekatwa kwa wembe, mraba safi, na pembeni wamepiga muhuri IMEKAGULIWA. Nilikaa nikiitazama kama mjinga. Bibi akaiomba, akaipapasa, akapitisha kidole kwenye tundu, akasema, "Namwona, amekonda." Tulicheka mpaka tukaacha.

Nikapiga simu huko. Nilirushwa kwa watu watatu, wa nne ndiye afande wa ukaguzi mwenyewe. Nikamwambia, afande, ule ni mchoro wa injini. Akanijibu, "Binti, nina miaka kumi na saba kwenye kazi hii. Miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine, na vipimo vya milimita? Hapa si gereji." Nikamsihi anisomee hata maneno yaliyokuwemo. Akasema yameshachomwa, akakata.

Lakini amenisaidia bila kujua. Miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine! Nimewaza siku nzima nikapata: ni valvu na kiti chake, au sivyo? Valvu za turbo zimezoea moto mkali, lazima ulikuwa unaniambia nihakikishe zinakaa sawasawa. Basi nimezisaga zote kumi na sita kwa mkono, moja moja, nikazijaza petroli kupima, hakuna iliyovuja hata tone. Ungeziona ungenisifu, ingawa kusifu kwako ni kunyamaza.

Mengine nimeyafanya kama ulivyosema. Uso umesawazishwa, nilimsimamia yule mchongaji mpaka akaniuliza kama namdai. Tundu la mafuta nimeziba. Manifoldi nimepata. Gasketi za kuziba kati ya hedi na bloku nimeagiza kwa namba ya hedi zenyewe, kama unavyoimba siku zote, gasketi hufuata hedi. Zinakuja kwa meli, katikati ya Aprili zitakuwa hapa.

Kama mchoro ulikuwa kitu kingine niambie mapema. Kama ni valvu, usihangaike, tumia karatasi yako kuniambia habari zako.

Binti yako


Gerezani, 1 Mei

Mwanangu,

Usiwashe hilo gari. Salamu baadaye. Kama umeshaliwasha, lizime, na usimpakie Mama.

Haikuwa valvu. Mduara mkubwa ni tundu la silinda la bloku yetu, milimita tisini na tisa na nusu. Mduara mdogo ni tundu la gasketi ya ile injini ya turbo, tisini na mbili. Hedi zimetoka kwenye injini ndogo, bloku ni ya injini kubwa. Gasketi lazima ifuate BLOKU. Ukiweka ya hedi, ukingo wake utachungulia ndani ya silinda pande zote, pale moto unapowaka. Safari hii sijachora kitu, afande, ni maneno matupu, nakuomba uyaache yapite.

Na hiyo kanuni ya gasketi hufuata hedi, ni mimi niliyekuimbia tangu hujaweza kushika spana. Ni kweli pale hedi na bloku vinapotoka kiwanda kimoja siku moja. Hatukuwahi kuchanganya, kwa hiyo sikuwahi kukwambia nusu ya pili. Nilikuwa naiandika kwenye mchoro.

Barua yako niliipata tarehe kumi na moja Aprili. Ya kwangu ya Aprili ilishaondoka, ile ya kuulizia macho ya Mama na mambo ya kipuuzi. Siku ishirini nimekaa na hili mdomoni. Mwenzangu wa chumba, tunamwita Kinyozi, hana mtu wa kumwandikia, akanipa zamu yake. Barua ikarudishwa kwa sababu mwandiko ni wangu. Nikamwomba Kinyozi aandike yeye, hajui kuandika. Nikaomba kuonana na afande, nikaambiwa nijaze fomu. Fomu zimeisha. Nimemweleza kila askari anayepita dirishani habari ya gasketi, sasa wananiita Bwana Gasketi na wananicheka, na mimi nacheka nao ili wanisikilize, na hawanisikilizi.

Sikia. Hapo mjini barabara ni tambarare, gari litatembea vizuri na utajiona umemaliza. Usilisadiki. Mlima wa huku ni kilomita kumi na nne bila kupumzika. Hapo ndipo ule ukingo utakapokuwa mwekundu kama kaa, utaungua, na maji yataingia kwenye silinda.

Barua zinachukua siku ishirini, wakati mwingine thelathini. Nimehesabu, nikahesabu tena. Naomba hii iwe ya ishirini.

Baba yako


Gereji, 16 Mei

Baba wewe!

Shikamoo, shikamoo, na nyingine ya akiba. U mzima? Sisi tumezidi uzima.

Shangazi amewaka! Mara ya kwanza, baba, sijarudia ufunguo. Akakohoa moshi mweupe kidogo wa kuaga mafuta niliyopaka, akatulia kwenye ule mngurumo wake wa kukoroma. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto, na Bibi akapiga kelele kutoka chumbani, "Amekufa tena?" Nikamwambia hapana, amefufuka. Akaja na fimbo yake, akaweka kiganja kwenye boneti, akasema, "Huyu sasa ana moyo wa kijana."

Nimelizungusha mjini siku nne. Sokoni, stesheni, hospitali, kurudi. Mshale wa joto umesimama katikati, hautikisiki. Mafuta hayavuji. Limekuwa zito kidogo kuchangamka kwenye kuondoka, lakini ulisema hedi za turbo hazina haraka bila turbo yake. Au ulisema kwenye ule mchoro? Sikumbuki tena, nimesoma barua yako yenye dirisha mpaka imelainika.

Ya Mei sijaipata kutoka kwako. Nimejipa moyo kwamba kama kungekuwa na tatizo ungeshaniambia.

Bibi ameshachagua nguo, amezibadilisha mara tatu na hata moja haioni. Anafanya mazoezi ya neno lake. Nikiingia ananyamaza. Juzi nilisimama nje ya mlango kumsikiliza, akasema, "Nasikia unapumua, toka." Tutaondoka alfajiri tarehe thelathini, tutakuwa kwenu saa tano, kabla hawajafunga saa nane. Nyoa ndevu, baba. Bibi atakupapasa uso, asikutane na brashi.

Tunakuja!

Binti yako


Gerezani, 1 Juni

Binti yangu,

Mama yuko hai? Andika hilo kwanza ukijibu. Hata kama huna nguvu ya kuandika mengine, andika hilo.

Juzi nilinyoa. Nilitoka na wenzangu saa tatu tukaketi kwenye mabenchi ya uwanja wa wageni, upande wa ukuta unaotazama bonde. Mabasi yakaja, watu wakaitwa. Barua yako ya furaha nilikuwa sijaipata, nimeipata leo. Nilikuwa sijui kama yangu imekufikia. Nilikaa nikiomba msije. Unaelewa? Miezi mitatu nimeomba mje, na siku yenyewe imefika naomba msije.

Kama saa sita hivi nikamsikia Shangazi. Wengine wanasikia gari, mimi nilisikia injini yangu, iko chini kabisa kwenye zile kona, inapanda kwa gia ya pili. Nikasimama. Nikaanza kuhesabu kona kwa masikio. Ilikuwa inavuta vizuri, nikasema labda amepata barua, labda ameweka gasketi ya bloku, mwanangu ana akili. Halafu silinda moja ikaacha kufanya kazi. Nilisikia pengo, unajua lile pengo. Nikasema kwa sauti, punguza, mwanangu, zima. Ukashusha gia ya kwanza. Ikagonga mara nne au tano, ikanyamaza.

Nilimwambia askari wa geti, mama yangu yuko pale chini, kona ya tatu au ya nne, ni mgonjwa, nipelekeni hata kwa pingu, nitamwona na kurudi. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimesikia injini. Akaita wenzake waje wamsikilize Bwana Gasketi. Mmoja tu hakucheka, akasema ataangalia akitoka zamu, na zamu yake inaisha saa kumi na mbili.

Nilibaki pale kwenye ukuta mpaka saa nane walipotuhesabu kuingia ndani. Sikusikia tena gari lenu. Sijui mlikaa pale muda gani, sijui mlipata maji, sijui kama mmerudi.

Andika, mwanangu. Sikulaumu. Andika tu.

Baba yako


Gereji, 21 Juni

Baba,

Shikamoo. Bibi yuko hai. Anakula, analala, jana amegombana na muuza mkaa akashinda. Mimi pia nipo.

Barua hii nimeianza mara nne nikachana. Sikujua kwamba ulitusikia. Ningejua ningepiga honi, hata kama isingesaidia kitu.

Barua yako ya tarehe moja Mei niliikuta chini ya mlango siku tuliporudi. Ilikuja mchana ule ule tukiwa mlimani. Niliisoma nimesimama, mkoba bado begani. Nimeshafungua injini, nimeuona ukingo wa gasketi, umeungua ukakatika, kipande kimekutwa juu ya pistoni ya pili. Ni milimita ulizosema. Valvu zangu ni nzima zote kumi na sita.

Ilikuwa kona ya nne. Mvuke ulitoka kila mahali, nikashuka nikafungua boneti, nikajua hakuna cha kufanya. Kulikuwa na jua kali na hakuna kivuli. Nikafungua mlango wa nyuma Bibi apate hewa. Akauliza, "Tumefika?" Nikamwambia bado kidogo. Niliona bati la paa la gereza lenu kwa juu, baba. Kwa miguu ni saa nzima ya kupanda. Ningeweza kukimbia nikaja mwenyewe, niliwaza, lakini ningemwacha na nani pale juani, na ningekwambia nini? Mabasi yalikuwa yameshapita yote.

Baada ya kama nusu saa likaja lori la mawe linashuka. Dereva wake akasimama. Hakuweza kugeuza, barabara nyembamba na mzigo umejaa, na Bibi asingeweza kupanda kule juu. Lakini alikuwa na dumu la maji, akalishusha. Ni mtu mzima, wa umri wako, kichwa kimenyolewa, sauti ina mikwaruzo. Akainama mlangoni akasema, "Shikamoo, mama. Kunywa maji."

Bibi akamshika mkono. Akamshika kwa mikono yote miwili, akasema, "Wamekuruhusu utoke mpaka huku nje?"

Dereva akaniangalia. Baba, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ningesema, Bibi, huyu ni mpita njia, na ingeisha. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi alivyomshika, nikashindwa. Nikatikisa kichwa tu kwa yule mtu, hata sijui nilikuwa namwambia ndiyo au hapana. Yeye akapiga magoti kwenye vumbi, akamjibu, "Wameniruhusu kidogo tu, mama."

Bibi akampapasa uso, akampapasa kichwa. Akasema wamemnyoa vibaya. Akasema, "Mkono umekuwa mgumu hivi!" Akamwuliza kama anakula, akajibu anakula vizuri. Halafu Bibi akaniambia mimi nisogee. Nilisogea hatua mbili na nilisikia, na sasa nakuandikia alichosema, kwa sababu ni chako na kimekwenda kwa mtu mwingine.

Alisema: "Siku ile mahakamani watu walisema nimekuonea haya. Sikukuonea haya. Niliogopa nikikutazama nitapiga yowe wanitoe nje, uhukumiwe peke yako bila mtu wako ndani. Ndiyo maana nikageuka. Nilikuwa nakusikiliza kwa mgongo. Kile ulichosema kuhusu breki mimi nilikiamini, nilikiamini kabla hujakisema."

Ni hayo tu, baba. Yule mtu alikuwa analia. Akasema, "Nimesikia, mama." Akamwachia dumu la maji, akaniambia pembeni atatuma mtu wa kutuvuta akifika chini, na akatuma kweli. Hata jina sikumwuliza.

Sasa Bibi ana furaha ambayo sijaiona tangu uondoke. Anawaambia majirani amekuona, umekonda kidogo lakini una nguvu, ulimpigia magoti. Anasimulia jinsi ulivyolia. Hasemi tena habari ya Novemba. Juzi kaniambia, "Sasa hata nikienda, nimeshasema."

Nifanye nini? Nikimwambia ukweli nitamwua. Nisipomwambia, wewe hukumwona mama yako, na yeye hakukuona, na mimi ndiye niliyeikaza ile gasketi kwa mikono hii. Nikitengeneza Shangazi upya hatakubali kuja, atauliza kuna nini tena. Niambie, baba. Safari hii sitaki kukisia.

Binti yako


Gerezani, 1 Agosti

Binti yangu, mistari hii ya juu ni yako, usiisome kwa sauti. Julai sikuandika, barua yako ilikuwa haijafika. Imefika, nimeisoma, Kinyozi akanifunika na lile blanketi mpaka nilipomaliza. Usimwambie Mama ukweli. Gasketi ni kanuni yangu, nilikufundisha nusu, na wewe uliifuata kama mwanafunzi mzuri. Usirudie kusema ni mikono yako. Yule dereva ukimwona, mpe mkono kwa niaba yangu, na umwambie alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Yanayofuata msomee Mama polepole, na akikuuliza mbona unalia mwambie ni moshi wa jiko.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje baada ya safari ile ndefu? Mimi mzima, nakula vizuri, kama nilivyokwambia.

Nakuandikia kukushukuru kwa kuja. Najua ulivyoumia njiani, na jua lile, na ubovu wa gari. Nisamehe sikukukaribisha ndani. Waliniruhusu kidogo tu. Na unisamehe sikuongea sana, ulivyonishika mkono maneno yote yalinikimbia, nikabaki kusema nimesikia, nimesikia.

Mama, ni kweli nilisikia. Neno lako limenifikia lote, halikupotea hata moja. Kumbe ulikuwa unanisikiliza. Mimi miaka yote hii nilidhani umenifunga mlango. Sasa nalala.

Ulisema wameninyoa vibaya, nimewaambia. Nasikia unasema nimekonda, nitaongeza. Usihangaike tena kupanda mlima huu, Novemba baki nyumbani upumzike, tumeshaonana na tumeshasemezana.

Na ulishangaa mkono wangu umekuwa mgumu. Ni kazi za huku, mama, tunapasua mawe. Usiwe na wasiwasi. Ulikuwa mkono wangu.

Mwanao